Mitindo ya programu ya wavuti: tuchukue maktaba iliyopo au tuunde yetu?

Swali
Ndugu wataalamu, habari za kazi. Tuko watatu tunaotengeneza programu ya wavuti ya chama cha kuweka na kukopa, ambayo wanachama wengi huifungua kwa simu za bei nafuu. Hadi sasa tunatumia styled-components, maktaba (msimbo ulioandikwa tayari) ya kupangia mwonekano wa kurasa, lakini orodha ya mikopo yenye mistari 300 hukwamakwama inaposogezwa. Mwenzetu mmoja anapendekeza Tailwind, maktaba nyingine ya mitindo; mimi nilifikiri tuunde maktaba yetu. Mnatushauri nini?

Jibu la 1
Tazameni kwanza kazi inafanyikia wapi. Styled-components huandaa CSS, yaani maelezo ya mwonekano wa ukurasa, ndani ya kivinjari wakati programu inaendelea, kwa hiyo mzigo unabebwa na simu ya mwanachama, ilhali Tailwind na CSS Modules (njia nyingine ya kuandika CSS) hutoa faili la CSS mapema, kwenye kompyuta zenu. Tena mwaka 2025 ilitangazwa kwamba styled-components sasa inatunzwa tu, na kwamba haifai kuanzishiwa miradi mipya. Hata hivyo pimeni: huenda mistari yote 300 inachorwa kwa pamoja, na hapo hakuna maktaba ya mitindo itakayowaokoa.

Jibu la 2
Tailwind ni nzuri, ila iliwahi kuniponza. Niliandika "bg-" + rangi + "-600" ili kitufe kifuate hali ya mkopo. Kumbe Tailwind husoma msimbo kama maandishi ya kawaida na kutafuta majina kamili ya klasi, yaani majina ya mitindo; langu haikuliona, vitufe vikatoka bila rangi. Andikeni jina zima, bg-red-600 au bg-green-600.

Jibu la 3
Ndugu muulizaji, kitufe mtakiunda kwa saa moja. Kinachomaliza miezi ni kalenda ya kuchagulia tarehe na menyu zinazopaswa kumtii anayetumia kibodi au kisoma skrini (programu inayowasomea wasioona). Hivyo vichukueni vilivyo tayari. Hata Bootstrap, maktaba ya vitufe na menyu vilivyo tayari, ambayo tangu toleo la 5 la mwaka 2021 haihitaji jQuery (maktaba ya zamani ya JavaScript), si aibu kwa timu ya watu watatu. Cha kwenu kiwe rangi na nafasi, mkiziandika kama vigeu vya CSS, yaani majina yanayobeba thamani, mfano --rangi-kuu, ili siku mkihama maktaba mhame navyo.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Tumepima, na ni kweli mistari yote ilikuwa inachorwa mara moja. Hilo tunalirekebisha kwanza. Tumeanza pia kukusanya vigeu, na kijani cha chama tumekikuta kimeandikwa kwa namna 9.