Lukwata, Bemba na majoka ya dunia: viumbe hawa wanatuambia nini?

Mwalimu_wa_Ssese

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku visiwa vya Ssese, wilaya ya Kalangala. Darasa langu lina watoto wa kila kabila: Waganda, Wasamia, Wajaluo, Wanyankole, na wengine ambao wazazi wao walitoka upande wa Bukoba wakifuata sangara. Ijumaa kipindi cha mwisho tunasimuliana hadithi kwa Kiswahili, kwa sababu hapo hakuna mtoto anayebaki nje.

Nimeshawapa ya Bemba, nyoka aliyetawala Buddo. Nimewapa ya Walumbe, kaka yake Nambi mke wa Kintu, mtu wa kwanza wa Buganda. Walumbe ndiye aliyeleta kifo duniani na mpaka leo amejificha ardhini kule Ttanda, Mityana. Ya Lukwata walinisimulia wao wenyewe, kila mmoja na la kwao: yule mnyama wa ziwani anayepindua mitumbwi.

Wiki iliyopita mzazi mmoja alinijia. Alizungumza kwa heshima lakini ana uchungu. Anasema nawafundisha watoto mashetani, kwamba joka ni ibilisi, imeandikwa, na mazungumzo yaishie hapo. Sikubishana naye mbele ya watoto, na sitaki kumdharau, maana anampenda mwanawe.

Ila nimebaki na swali. Wachina wanalicheza joka barabarani mwaka mpya ukiingia. Wazungu wanalichora limechomwa mkuki. Sisi huku nyoka mmoja tunamuua na mwingine tunamheshimu. Mbona maana zinapishana hivyo? Na nitamwelezaje mtoto wa miaka 12 viumbe hawa bila kumwambia ni uongo mtupu, na bila kumtia hofu ya kuogopa hata kwenda kuchota maji? Naomba msaada wa kweli.

Fundi_Injini_Masese

Mwalimu, pole na hongera kwa kazi. Mimi natengeneza injini za boti hapa Jinja na maoni yangu ni mafupi: wazee waliona kitu wasichokielewa, wakakipa sura.

Chukua lile jitu la Wagiriki lenye jicho moja katikati ya paji. Mtaalamu wa visukuku, Othenio Abel, alieleza mwaka 1914 kwamba huenda lilitokana na mafuvu ya tembo wadogo wa kale waliopatikana kwenye mapango ya Sicily. Fuvu la tembo lina tundu kubwa katikati pale mkonga unapoanzia, na mtu ambaye hajawahi kumwona tembo atadhani ni jicho. Lukwata naye naamini ni vitu kadhaa vilivyochanganywa: kamongo mkubwa, chatu anayeogelea, na ile nguzo ya upepo inayonyonya maji ziwani mvua ikikaribia. Waambie watoto hivyo. Hofu itaisha yenyewe.

Mama_Mukene_Kasensero

Fundi, nakuheshimu, na hilo la fuvu ni zuri sana. Lakini umetuonyesha hadithi ilikoanzia, hujatuonyesha kwa nini ilidumu. Watu huona maajabu mengi na kuyasahau kabla msimu haujaisha. Hadithi inayovuka vizazi ina kazi inayofanya.

Mwalimu, mimi nanunua mukene, yaani dagaa, kwa wavuvi hapa Kasensero, naukausha na kuupeleka Mutukula. Mambo haya sikuyasomea chuoni, nimeyasoma kwa mapenzi tangu usichana wangu, na naishi na watu ambao bado yanawaongoza. Njia yangu ni hii: ukikutana na kiumbe wa hadithi, usianze kwa kuuliza kama yupo. Uliza anakaa wapi, na anakataza nini. Hapo utawafahamu waliomsimulia.

Mtazame kappa wa Japani. Anakaa mitoni na kwenye mabwawa, ana kisahani cha maji utosini, na huvuta watoto na farasi chini ya maji. Ukimwinamia kwa adabu, naye atainama, maji yatamwagika na nguvu zitamwisha. Mpaka leo Wajapani huchora kappa kwenye vibao vya kuwaonya watoto wasicheze kando ya bwawa. Mtoto mdogo haelewi habari za kina na mkondo, ila kappa anamwelewa mara moja. Na mimi napenda kwamba silaha anayopewa mtoto si panga bali salamu nzuri.

Sasa majoka yako mawili. China, joka ndilo lenye mvua, mito na bahari. Ukame ukizidi, wakulima walikuwa wanamwendea Mfalme Joka kumwomba. Watu wanaoishi kando ya Huang He, mto unaowalisha leo na kuwazamisha kesho, hawawezi kumpiga mkuki mwenye maji. Lazima watafute kusikilizana naye.

Lile la Mtakatifu Georgi ni jambo jingine kabisa. Jinsi lilivyosimuliwa Ulaya katika zama za kati, lilikaa kwenye ziwa karibu na mji wa Silene, Libya. Watu walilipa kondoo wawili kila siku ili lisiwasogelee. Kondoo walipopungua wakaanza kupiga kura za watoto. Siku kura ilipomwangukia binti wa mfalme, mfalme akalia, akatoa dhahabu na fedha ili asamehewe, na watu wakamjibu: watoto wetu wamekwisha kufa, wako naye aende. Soma pale polepole, Mwalimu. Hiyo ni hadithi ya mji uliozoea kutoa watoto wa wenzao ili wengine walale salama, na mkubwa ambaye hakuguswa mpaka msiba ulipoingia kwake. Haina mvua hata tone. Kwa hiyo si mnyama yule yule, amefanana umbo tu.

Na Bemba wetu yuko upande huo wa pili. Alikuwa mtawala mkatili. Kobe akaenda kwake, akaingiza kichwa ndani ya gamba, akamwambia kwamba wao kila usiku hukata vichwa vyao na asubuhi wanaamka wazima. Bemba, kwa kiburi cha kutaka kila walicho nacho wengine, akakubali kukatwa. Akafa. Halafu angalia mahali: ni Naggalabi, Buddo, pale pale ambapo Kabaka, mfalme wa Buganda, hutawazwa. Mutebi wa Pili alitawazwa hapo tarehe 31 Julai 1993. Mfalme mpya anapewa ufalme kwenye kilima alichokatiwa kichwa mtawala aliyewaonea watu. Mimi nadhani waliochagua mahali hapo walijua wanachokifanya, na mtoto wa darasa la sita anaweza kulielewa hilo bila shida.

Lukwata nimemwacha mwisho kwa sababu yeye ni jirani. Mvuvi wa mukene anaingia ziwani usiku usio na mwezi, na taa zake. Usiku ndio pepo za nchi kavu zinapotoka kila upande na kukutana katikati ya ziwa, hewa inapanda juu, na dhoruba kubwa zinaanza, mara nyingi kuelekea alfajiri. Yaani saa ya kazi ndiyo saa ya hatari. Jioni nikiwa nageuza mukene juu ya nyavu, humwona mzee mmoja mwenye boti amesimama majini mpaka magotini, suruali ameikunja, anatazama wingu lililokaa upande wa visiwa. Hasemi kitu kwa muda. Akishika maji akajipaka usoni na kusema "leo Mukasa hataki", yaani mungu wa ziwa, vijana wanaivuta boti nchi kavu na nanga wanaitupa mchangani. Hakuna anayenung'unika. Kijana wa miaka ishirini hakubali kuitwa mwoga kwa sababu ya wingu. Kwa ajili ya Mukasa anabaki nchi kavu bila aibu mbele ya wenzake. Nani mwingine angeweza kumpa ruhusa hiyo?

Mukasa mwenyewe unamjua kuliko mimi, Mwalimu, hekalu lake kuu lilikuwa huko kwenu Bubembe. Ndiye aliyetoa samaki, watoto na maji matulivu. Wazee waliweka wema wa Mukasa na hatari ya Lukwata ndani ya ziwa moja, na ndivyo ziwa lilivyo.

Na kisiwa cha Musambwa, ambacho wavuvi wa hapa wanakwenda, kina nyoka wengi, fira wakiwemo. Wanapita kati ya vibanda na hakuna anayeinua fimbo, kwa sababu nyoka pale ni wa mizimu. Kwa heshima hiyo kisiwa kimebaki na viumbe wake. Ndege aina ya membe wa kichwa cha kijivu wanazaliana pale kwa wingi kuliko mahali pengine popote Afrika, na tangu mwaka 2006 eneo hilo na vinamasi vya Sango Bay na Kagera limo katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu muhimu za dunia. Mwiko ulitangulia sheria zote.

Kuhusu mzazi yule, mimi pia ni mlokole na ninamwelewa. Mwendee na Biblia yenyewe, kwa upole. Zaburi ya 104 inasema Mungu alimuumba lewiathani acheze baharini. Hesabu 21, Musa anatengeneza nyoka wa shaba, na aliyeumwa akimtazama anapona. Hata humo nyoka ana zaidi ya maana moja, na maana inatokana na kazi aliyopewa katika habari ile. Usimshinde kwa hoja, soma naye tu.

Mtu_wa_Pakwach

Mama Mukene umeandika vizuri mno, nimeyasoma yote kwa mke wangu kwa sauti. Lakini niongeze jambo lenye uchungu kidogo. Si kila kiumbe anawalinda watu. Wengine wanawalinda wakubwa.

Huko China joka lenye kucha tano lilikuwa la mfalme, na raia alikatazwa kulivaa. Hapa kwetu, Bachwezi wanasimuliwa kama nusu watu nusu mizimu, waliotoweka ghafla. Halafu wafalme wa Bunyoro waliokuja baadaye wakajiunga na ukoo wao, ili asiwepo mtu wa kuuliza haki ya kutawala waliitoa wapi. Hata Bemba: anayesimulia kwamba mtawala wa zamani alikuwa nyoka ni nani? Ni aliyemuondoa. Watoto wafundishwe kuuliza hadithi inamfaa nani. Kwa maoni yangu swali hilo lisikosekane pamoja na yale mawili ya Mama.

Na kama unataka hadithi isiyo na mnyama wa kutisha wala mshindi, wape ya Gipir na Labongo. Gipir alichukua mkuki wa kaka yake kumchoma tembo, tembo akakimbia nao. Labongo akakataa fidia, akataka mkuki ule ule, ikabidi mwenzake aufuate mpaka nchi ya tembo. Siku nyingine mtoto wa Labongo akameza ushanga wa Gipir, na Gipir naye akataka ushanga ule ule. Mtoto akapasuliwa tumbo. Ndugu wakazika shoka ukingoni mwa Nile, pale Wang Lei, karibu na hapa kwetu, na kila mmoja akashika njia yake. Sisi Waluo tunaisimulia kueleza kwa nini wengine wako ng'ambo ya mto na wengine huku. Nikiwa mdogo sikumwogopa yule tembo. Niliogopa jinsi Gipir alivyokataa kusamehe.

Mwalimu_wa_Ssese

Wapendwa, asanteni. Nimenakili maswali yenu matatu kwenye kadibodi: anakaa wapi, anakataza nini, hadithi inamfaa nani. Nitawaacha watoto waanze na Walumbe, kwa sababu wanampenda zaidi. Kayikuzi, ndugu yake, alitumwa kumkamata, akaamuru watu wote wanyamaze wakati Walumbe akitoka shimoni, na watoto waliokuwa wakichunga mbuzi wakamwona na kupiga kelele. Nataka kusikia watasemaje kuhusu watoto wenzao hao kulaumiwa. Mimi binafsi sijawahi kulikubali lawama lile. Mtoto akiona kifo ana haki ya kupiga kelele.

Mzazi yule nimemwalika aje asikilize. Amesema atakuja.

Swali la mwisho: muhula ujao tunaweza kupata lori la kwenda Kampala na darasa. Kuna kitu cha kuona kinachohusu viumbe hawa?

Fundi_Injini_Masese

Mwalimu, hapo nina jibu. Wapeleke Makumbusho ya Uganda, barabara ya Kira, kwa ajili ya Kibuuka, mdogo wake Mukasa, aliyetoka huko huko Ssese kumsaidia Kabaka Nakibinge vitani dhidi ya Bunyoro. Alipigana akiruka ndani ya wingu, mpaka mwanamke mateka akatoboa siri, adui wakalipiga wingu mishale, naye akafia juu ya mti Mbaale, Mawokota. Vitu vyake vitakatifu vilichukuliwa na mmisionari John Roscoe vikapelekwa Cambridge, vikarudishwa mwaka 1962. Piga simu makumbusho kabla hamjaondoka, uliza ni vipi vinaonyeshwa kwa umma siku hizo, na uliza kiingilio cha kundi la wanafunzi, huwa kina punguzo.

Halafu mkipata nafasi mfike Ttanda kwa Walumbe, iko njia ya Mityana. Mashimo ni marefu, kwa hiyo watoto washikane mikono na asitangulie mtu.