Sinia la plastiki, tyubu, ubao au sleji ya breki: kipi kinafaa kwa watoto kuserereka kwenye theluji?

Mama Wawili (Toronto)
Hamjambo ndugu. Huu ni msimu wetu wa pili wa theluji, na wanangu wa miaka 4 na 9 wanataka kuserereka kilimani kama wenzao wa shule. Dukani nimeona sinia la plastiki la duara, tyubu ya kupuliza, ubao mrefu uliopindwa mbele, na sleji (kigari cha kuteleza kwenye theluji) yenye usukani na breki. Sinia ndilo la bei rahisi kuliko vyote. Nyinyi mnatumia nini? Na kilima cha Riverdale Park East hapa Toronto, panafaa?

Mvita Baridini
Dada, sinia liache. Mimi nililinunua kwa sababu hiyo hiyo ya bei. Halina breki, huwezi kuliongoza, na likishika kasi linazunguka. Binti yangu aliteremka kinyumenyume, haoni aendako, akagonga ua wa waya chini ya kilima. Mkono ulivunjika, akakaa na plasta wiki 6. Sasa tuna sleji ya breki na sijajuta.

Baba Neema (Edmonton)
Pole sana kwa mtoto. Lakini naona hapo kosa lilianzia kwenye ule ua. Sisi huenda Gallagher Park, na kabla mtoto hajakaa kwenye chochote nashuka kwa miguu hadi chini nikatazame: pana uwanja tambarare wa kutosha mwendo uishe wenyewe? Kuna mti, nguzo, barabara, maegesho? Theluji ikishakanyagwa ikawa barafu tunarudi nyumbani, walie wasilie.

Ubao ni mzuri kwa familia, mnakaa mstari mmoja, mkubwa nyuma. Ila ni mzito kuupandisha na haugeuki upesi. Huyo wa miaka 4 asiteremke peke yake kwa chombo chochote.

Da Mwaju
Sisi wa pwani tumezoea tyubu za baharini, tukiiona laini tunadhani ni salama. Kwenye kilima cha bure inaruka kila tuta na huielekezi popote. Ninayoipenda ni ya kwenye kilima cha kulipia: kila mmoja ana njia yake yenye kingo za theluji, na mfanyakazi ndiye anayekuruhusu kushuka. Kwa familia ya watu 5 pesa inauma, na mara nyingi kuna sharti la kimo au umri. Uliza kabla hujamwahidi mdogo.

Mvita Baridini
Nimesahau: wakae, miguu mbele, kamwe wasilale kichwa mbele. Helmeti iwe ya hoki au ya kuskii. Skafu ndefu hapana, inaweza kunasa ikamkaba mtoto. Kupanda ni pembeni, si katikati ya njia ya wanaoshuka. Baridi ikifika nyuzi 25 chini ya sifuri pamoja na upepo, bakini ndani.

Mama Wawili (Toronto)
Asanteni sana. Leo nimeshuka Riverdale kwa miguu kama alivyosema Baba Neema: chini kuna viwanja vya michezo, pametanuka. Nimetazama mabango pia, maana Januari 2024 jiji lilikataza kuserereka kwenye vilima 45. Nachukua sleji ya breki, mdogo nitakaa naye mimi. Helmeti za mtumba je?

Baba Neema (Edmonton)
Ikiwa unamjua aliyeitumia na haijawahi kugongwa, sawa. Vinginevyo nunua mpya, na umpeleke mtoto akaijaribu kichwani.