Udongo ulioingiwa na mafuta: tupeane uzoefu

Jakisumu: Jirani yangu hapa Nyalenda anachimba choo. Kufika futi nne, harufu ya dizeli ikapanda, utadhani tuko kituo cha mafuta. Na kisima chetu kiko hatua ishirini tu. Nani mwingine yamemkuta?

Mama Sukuma: Usinikumbushe. Nilikodisha kipande Nakuru, nyuma ya yadi ya malori, kwa bei ya kutupa, wala sikujiuliza kwa nini. Sukuma za mbali zilishika vizuri. Mistari minne ya ukutani ikageuka manjano, majani yakajikunja kama sikio la mbuzi. Nikasema ni kiu. Namwagilia, maji yanabaki juu kama matone kwenye jani la nduma, hayazami. Nikang'oa mche: mizizi myeusi, vidole vinateleza. Nikanusa. Oili! Walikuwa wakimwaga mtaroni, mtaro unapita chini ya ukuta, mvua inaniletea mimi. Kumwendea mwenye yadi, ananiuliza, "Mama, una risiti ya hiyo oili?" Na kodi ya miezi sita nilishalipa.

Otoyo: Pole mama. Hapo kwa risiti nimekufa.

Fundi Mzee: Kila kitu ni mafundi! Oili chafu yangu naweka mtungini, watu wananunua wapake nguzo, mchwa wasile.

Jakisumu: Na ile ya kumwaga uani vumbi litulie?

Fundi Mzee: Hiyo ni zamani.

Otoyo: Zamani ya Jumanne.

Bibi Shamba: Mwagieni sabuni ya unga, inakata.

Omera: Shosho, hapana! Sabuni inayalegeza mafuta yazidi kushuka kisimani. Udongo wa juu changanya na samadi na makapi ya miwa, geuza kila wiki upate hewa. Vijidudu ndivyo vinavyokula mafuta. Ni kazi ya miezi, na oili nzito inachelewa kuliko dizeli. Maji ya kisima acheni kunywa mpaka yapimwe, na msijaribu kuyachemsha jikoni, mvuke mtauvuta nyinyi.

Bibi Shamba: Mimi nimefua nayo miaka arobaini.

Omera: Nguo, shosho. Si kisima.

Wa Molo: Nyinyi mnalia harufu. Mimi nilikuwa Sachangwan, karibu na Molo, 31 Januari 2009, lori la petroli limepinduka, watu wanachota kwa sufuria, kwa ndoo, kwa chochote. Nilikuwa na mtungi wa lita tano, kifuniko kimepotea. Nikarudi nyumbani kukitafuta. Nikiwa chini ya kitanda nikasikia ule mlio, petroli imelipuka. Walikufa zaidi ya watu 100. Kifuniko nilikipata jioni, kilikuwa mfukoni.

Mama Sukuma: Yesu.

Otoyo: Leo sina mzaha.

Jakisumu: Poleni jamani. Sasa jirani afukie ama aendelee?

Fundi Mzee: Aendelee, choo ni choo.

Omera: Afukie, awaite watu wa NEMA, wale wa mamlaka ya mazingira.

Bibi Shamba: Na huyo anayechimba mnyang'anyeni sigara kwanza.

Jakisumu: Shosho umejuaje anavuta?