Mkeka wa Machi

Jumatano, 11 Machi 2026

Mwanaidi (Columbus), 20:05
Assalaam aleikum, na wasio kwenye mfungo hamjambo. Tumekwisha kufuturu hapa, kwa hiyo naomba mnisome kwa utulivu. Jumapili hii tarehe 15, saa kumi na mbili jioni kwa saa za huku, timu 68 za kikapu cha vyuo vikuu vya Marekani zitatangazwa na kupangwa katika kanda nne, na kuanzia dakika hiyo kila mmoja wetu atakuwa na siku tatu na ushei za kujaza mkeka wake, yaani kutabiri mshindi wa kila mechi hadi bingwa. Ninachohitaji usiku wa leo ni jambo moja tu: kila mtu aandike kama anajaza au hajazi.

Mwanaidi, 20:13
Kanuni ni zilezile. Mechi nne za utangulizi zinazochezwa Dayton hazihesabiwi. Sisi tunaanzia kwenye timu 64, yaani mechi 63. Jibu sahihi la raundi ya kwanza ni pointi 1, kisha 2, 4, 8, 16, na bingwa ni pointi 32, ili kila raundi iwe na uzito sawa wa pointi 32 na mkeka usio na kosa upate 192. Pointi zikilingana, tunaangalia ni nani aliyekadiria kwa karibu zaidi jumla ya pointi za timu zote mbili katika fainali. Mwaka jana Florida walipowafunga Houston 65 kwa 63, jumla ilikuwa 128. Ada ni dola 20. Mwisho wa kupokea mikeka ni Alhamisi tarehe 19, saa sita kamili mchana. Utakaofika saa sita na dakika moja hautapokelewa, uwe ni wa nani.

Mwanaidi, 21:46
Watu 11 wamesoma na hakuna aliyejibu.

Athumani (Houston), 22:52
Samahani dada, nilikuwa Tarawehe. Mimi nimo. Ila napenda tufikirie upya hesabu ya pointi, kwa sababu mwaka jana timu zote nne zilizopangwa namba moja kwa ubora katika kanda zao zilifika nne bora, jambo ambalo kabla ya hapo lilitokea mwaka 2008 peke yake, na matokeo yake aliyefuata namba bila kufikiri akatupita sisi tuliokesha tukisoma takwimu. Anayethubutu alipwe. Namba 12 akimtoa namba 5, aliyemtabiri aongezewe ile tofauti ya 7. Colorado State waliwatoa Memphis, McNeese wakawatoa Clemson, yote mawili niliyaandika, na kwa hayo mawili nikapewa pointi 2.

Baba Imani (Lexington), 22:58
Nami nimo. Athumani, useme tu kwamba bado unawalilia Houston. Ule msiba ulikwisha kufanyiwa arobaini.

Athumani, 23:01
Baba Imani, wewe ndiye wa kunena? Mwaka 2022 uliandika Kentucky mpaka ubingwa kwa sababu Oscar Tshiebwe ni mtoto wa Lubumbashi, na Saint Peter's wa namba 15 wakauchana mkeka wako usiku wa kwanza.

Baba Imani, 23:09
Niliandika hivyo, na ningeandika tena. Yule kijana alifunga pointi 30 na kudaka mipira 16 usiku ule, na walifungwa 85 kwa 79 katika muda wa nyongeza. Kosa halikuwa lake. Hapa mtaani kwetu wazee waliokuwa hawajui kikapu ni nini walikuwa wakilitaja jina lake dukani. Nilimwandika mtu wa nyumbani, sikuandika hesabu.

Rehema (Minneapolis), 23:12
Hiyo ndiyo sababu Baba Imani humaliza wa mwisho kila mwaka, na ndiyo sababu tunampenda.

Mwanaidi, 23:20
Tafadhali. Nimeuliza nani anajaza. Mpaka sasa nina Athumani na Baba Imani. Hesabu ya pointi haibadilishwi siku nne kabla ya timu kutangazwa.

Alhamisi, 12 Machi

Zuwena (Louisville), 09:30
Shikamooni nyote. Mimi nimo. Naomba mwaka huu tujaze pia mkeka wa wanawake. Nao wana timu 68 tangu mwaka 2022, na fainali ya mwaka jana, UConn walipowafunga South Carolina 82 kwa 59, niliitazama peke yangu bila mtu wa kuzungumza naye.

Rashidi (Dallas), 12:44
Nimeusoma mstari wa saa sita na dakika moja, na najua umeandikwa kwa ajili yangu. Mwaka 2023 nilituma picha ya mkeka wangu saa sita kasoro kumi nikiwa kazini, mtandao ukaikwamisha, nanyi mkaipata saa sita na dakika ishirini. Nilikuwa nimeandika Furman, namba 13, wawatoe Virginia. Mechi hiyo ilikuwa hata haijaanza, na iliamuliwa na kikapu kimoja cha mbali zikiwa zimebaki sekunde chache, 68 kwa 67. Hapana mwanadamu ambaye angeweza kuyajua hayo mchana ule. Mkanifutia pointi ile. Mwisho wa mashindano nikashindwa kwa pointi moja. Fainali ilikuwa na jumla ya 135, nami nilikadiria 133, kwa hiyo kama pointi yangu ingebaki, tungelingana na ningeshinda. Aliyeshinda ni mwenye kikundi.

Mwanaidi, 13:15
Shemeji, jambo hili tulilizungumza miaka mitatu iliyopita. Mwisho wa kupokea mikeka ni kabla ya mechi ya kwanza ya siku, si kabla ya kila mechi, na mechi ya kwanza ilikuwa imekwisha kuanza. Ningekubali wako, ningelazimika kukubali wa kila mtu. Sikuufuta mkeka wote, nilifuta pointi za siku ile tu, na hata hilo lilikuwa hisani.

Rashidi, 13:18
Hisani haitolewi na anayefaidika nayo.

Athumani, 14:02
Kwa kuwa tumefika huko, nakumbusha kwamba kama mngetumia hesabu yangu, Furman peke yake ingempa shemeji nyongeza ya 9, na ugomvi huu usingekuwapo.

Rehema, 14:05
Athumani, wewe hata nyumba ikiungua utaleta hesabu ya pointi. Nami nimo.

Mwanaidi, 19:50
Ninao wanne waliothibitisha. Sita wamekwisha kunitumia ada, wengi wao bila kuandika neno hapa, jambo ambalo silielewi, lakini nashukuru. Dola 120 ziko kwangu. Naomba wengine mjibu. Nitasema wazi kwa nini nasumbua. Mashindano yalipofutwa tarehe 12 Machi 2020, siku kama ya leo, kikundi hiki kilinyamaza hadi mwaka uliofuata. Hatukugombana, hatukuhama, ila hatukuwa na la kusemezana. Mkeka huu ndio unaonijulisha kwamba Rehema amehama nyumba na kwamba Baba Imani amepona mgongo. Kwa hiyo nitaendelea kusumbua.

Ijumaa, 13 Machi

Mjomba Kombo (Tanga), 06:40
Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh, wanangu. Nimekuwa nikisoma kimya tangu Jumatano. Mwanaidi aliponiingiza humu nilifurahi, kwa maana mchezo huu niliupenda kwa ajili ya Hasheem Thabeet. Mwaka 2009, UConn walipofika nne bora, nilikesha kwa jirani mwenye dishi hadi Michigan State walipowatoa 82 kwa 73, na karibu miezi mitatu baadaye mtoto wa Dar es Salaam akachaguliwa wa pili katika Marekani nzima kuingia NBA, ligi yao ya kulipwa. Mlipokuwa mkiandika mkeka, mwanzoni nilidhani mnazungumzia mikeka ya ukindu, nikataka kuwauliza mnanunua wapi huko. Kisha vijana wa hapa mtaani wakanieleza mkeka ni nini siku hizi, na wengi wao ile ya kwao imewamalizia mitaji ya biashara.

Mjomba Kombo, 06:52
Kutabiri si kosa, na kutazama si kosa. Lakini kila mmoja anapoweka dola 20 na mmoja akazizoa zote, jina la jambo hilo, kamari, limo katika Suratul Maida, aya ya 90, nanyi mmeisoma mkiwa wadogo, wengine mliisomea barazani kwangu. Na mnalifanya katika kumi la mwisho. Pesa mlizokwisha kutoa zirudishwe kwa wenyewe. Na Mwanaidi na Rashidi, msiingie Idi mkiwa na pointi moja katikati yenu.

Mwanaidi, 09:34
Marahaba... nisamehe Mjomba, mikono imeteleza. Shikamoo. Nimesoma. Naomba uniwie radhi. Nilikuwa nikiita ada na sikuwahi kukaa nikaliangalia kwa jina lake. Nitazirudisha leo.

Rashidi, 09:50
Shikamoo Mjomba. Nimekusikia.

Baba Imani, 11:26
Shikamoo Mzee. Mimi ni Mkristo, lakini marehemu baba yangu angesema maneno hayohayo, na kwa ukali zaidi. Naomba kuuliza kwa heshima: je, kama mtu asiyejaza mkeka atatoa zawadi kwa hiari yake, bila yeyote kuweka kitu, mshindi anaweza kuipokea?

Mjomba Kombo, 12:10
Marahaba baba. Hilo ni swali zuri na linaonekana kwangu ni jingine kabisa, ila sitaki kulijibu kwa kukisia. Nitamuuliza sheikh baada ya Tarawehe.

Athumani, 15:41
Shikamoo Mjomba. Sibishani na uliyoyasema, na zangu 20 zibaki hukohuko kwa Mwanaidi aziongeze kwenye Zakatul Fitri ya anayehitaji. Hofu yangu ni moja. Bila kitu cha kushindania, watu watajaza Jumapili usiku kwa dakika tano, na mikeka ikichanika Ijumaa, kama ilivyochanika yote mwaka 2018 UMBC wa namba 16 walipowafunga Virginia 74 kwa 54, hakuna atakayebaki kutazama raundi ya pili. Tunahitaji kitu, hata kikiwa kidogo.

Rehema, 15:58
Mshindi aandikiwe shairi na Mjomba.

Zuwena, 16:03
Hilo nalitaka kuliko dola 200. Na mkeka wa wanawake vipi?

Mwanaidi, 20:22
Nimerudisha kwa watu watano. Aliyebaki ni Athumani, ambaye nimemwelewa. Kuhusu zawadi tunasubiri jibu la Mjomba. Kuhusu siku, Alhamisi tarehe 19 huenda ikawa ndiyo siku ya mwisho ya mfungo, na mwezi ukiandama Idi itakuwa Ijumaa, siku ya pili ya raundi ya kwanza. Kwa hiyo nawaombeni msiache kujaza hadi Alhamisi, maana mtakuwa jikoni au njiani. Shemeji, nimefikiri. Mwaka huu mikeka itajazwa katika jedwali la mtandaoni linalojifunga lenyewe mechi ya kwanza inapoanza, ili pasiwe na picha za kukwama, wala pasiwe na mimi wa kuamua.

Rashidi, 21:37
Hilo ni la mwaka huu. Nalipokea.

Mwanaidi, 21:39
Na la 2023?

Jumamosi, 14 Machi

Mwanaidi, 10:15
Shemeji, naona umesoma. Nitakupigia leo baada ya futari, kwa sababu mengine hayafai kuandikwa mbele ya watu. Wengine wote, kiungo cha jedwali nitakiweka kesho mara tu timu zitakapotangazwa. Waliothibitisha ni Athumani, Baba Imani, Zuwena na Rehema. Mjomba, je, sheikh alisemaje?

Athumani, 13:30
Kama pesa zimeondoka, basi sioni kinachozuia kujaribu hesabu yangu ya pointi mwaka huu. Hakuna atakayepata hasara.

Baba Imani, 13:34
Mimi nitaandika Kentucky popote watakapopangwa. Nawaarifu mapema ili asije mtu akasema nilichelewa.

Mama Tatu (Seattle), 18:47
Assalaam aleikum wapendwa. Nisameheni, nilikuwa zamu ya usiku wiki nzima na simu nilikuwa naiacha kabatini. Mimi nimo, kama kila mwaka. Nimeanza kusoma tangu juu, nimefika pale kwenye kanuni, na nimekwisha kumtumia Mwanaidi dola 20. Naomba aniambie kama zimefika, kisha nitaendelea kusoma yaliyobaki.

Mwanaidi, 19:02
Zimefika, Mama Tatu. Endelea kusoma.