Kumkabidhi Mungu watoto bila kukesha na hofu

Swali: Shalom wapendwa. Kwa mzazi wa huku ziwani Mwanza, Igombe au Kirumba, hofu haziishi: watoto kuogelea, kichocho, ada. Ukishaomba, baada ya dakika tano tu hofu zimerudi. Ni imani haba?

Jibu: Bwana asifiwe, mama. Hapana. Shida mara nyingi ni ombi la jumla, "uwalinde watoto", basi. Andika daftarini kila hofu mstari wake, kando yake kazi yako ya leo. Wafilipi 4:6 inataka haja ziende pamoja na shukrani. Wengi tunairuka shukrani. Hofu ikirudi usiku, usianze ombi upya. Shukuru, ulale.

Jibu: Naongezea, kichocho si cha kuombea tu. Vimelea hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, hasa jua likiwa kali. Maji ya kuogea yakae kwenye ndoo safi siku mbili, bila konokono. Dawa, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kilo. Wapewe zahanati, wakiwa wamekula. Haikingi: wakirudi majini, wanaambukizwa tena.

Jibu: Ada je? Gawa kwa wiki, weka kila Jumamosi. Mathayo 6:34 inakataza kusumbukia kesho, haikatazi kibubu.