Xbox Series S, PS5 ya diski au PS4 ya mitumba: konsoli ipi ya gemu inafaa intaneti yenye kikomo?

Mkaaji_Kasarani: Wadau, naomba ulinganisho. Faiba ni ya 10Mbps, na ukivuka kikomo cha mwezi kasi inashuka. Mchezaji ni kijana wa sekondari, mpira na mbio za magari.

WayaMrefu: Series S iondoe kwanza. Haina sehemu ya diski, kwa hivyo kila gemu lazima ipakuliwe. Gemu ya GB 100 kwa 10Mbps ni saa 22 bila kukatika, na jioni mtaa mzima ukiwa mtandaoni hiyo kasi huipati. Halafu ile ya GB 512 inakuachia GB 364 tu. Nafasi ikijaa utafuta gemu, ukiitaka tena unailipia bando upya.

FundiPedi: Kucheza mtandaoni kwenyewe hakuli bando sana, kwa kawaida ni makumi ya MB kwa saa. Kinachomaliza ni kupakua na masasisho. Zima masasisho ya kiotomatiki, uyaruhusu mwenyewe mwezi unapoanza.

Mama_Gemu: Mkuu, diski nayo usiiamini kwa macho. Gemu ya vita ya Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 kwenye PS5, diski ilibeba MB 70 hivi; zingine zote ni kupakua. Gran Turismo 7, gemu ya mbio za magari, iko kwenye diski lakini sehemu kubwa inadai intaneti. Machi 2022 seva zilipozimwa kwa matengenezo, haikuchezeka ipasavyo kwa zaidi ya saa 30. Kijana wa mbio za magari ajue hilo kabla pesa haijatoka. PS5 Slim, lile toleo jembamba, pia inahitaji intaneti mara ya kwanza ili kisoma diski kitambuliwe. Hotspoti ya simu inatosha.

WayaMrefu: Sawa kabisa. Akichagua PS5, atafute diski ngumu ya nje ya USB 3, kuanzia GB 250. Gemu inapakuliwa kwa rafiki mwenye laini nzuri kwa akaunti ya kijana, inanakiliwa kwenye diski hiyo, kisha nyumbani inahamishiwa ndani, maana gemu za PS5 hazichezwi zikiwa kwenye USB. Za PS4 zinachezwa. Usisahau kuwasha ruhusa ya kucheza bila mtandao kwenye konsoli ya nyumbani, la sivyo intaneti ikipotea gemu za kupakua zitaonyesha kufuli.

FundiPedi: Kwa bajeti ndogo mimi nasema PS4. Angalia programu ya mfumo iwe 9.00 au zaidi. Kwenye matoleo ya zamani, betri ndogo ya ndani inayotunza saa (CR2032) ikifa na intaneti haipo, konsoli inaweza kugoma kufungua gemu. Ukifika Luthuli Avenue, kwenye maduka ya elektroniki Nairobi, muuzaji aingize diski bila intaneti yoyote. Subiri isakinishwe, mechi ianze, ndipo ulipe.