Mbwa anatapika na kuharisha toka usiku, nimfanyie nini hapa nyumbani?

Habari za humu wakuu. Niko Kigoma, huku Kibirizi karibu na mwalo. Nina mbwa dume mkubwa, koko wa kawaida tu ila nampenda sana na watoto wamemzoea. Jana alipita kule wanakoanika dagaa akala nahisi matumbo ya samaki yaliyooza, basi usiku katapika weee na toka alfajiri anaharisha majimaji. Damu sijaona. Nikimwita anakuja na mkia anatikisa ila chakula hataki kabisa. Jirani anasema nisage panadol na flagyl nimpe kwenye maziwa, roho inasita. Bwana mifugo leo jumapili hapatikani. Nisaidieni jamani.

mfugaji_ujiji: Pole sana ndugu yangu. Panadol usithubutu, inaharibu ini na damu ya mbwa, na diclopar, ile dawa ya maumivu, ndo kabisa inatoboa tumbo na kuua figo. Flagyl nayo usikisie dozi, ikizidi inamletea shida ya mishipa ya fahamu. Maziwa achana nayo yatamuongezea kuharisha. Kama bado amechangamka mpumzishe chakula masaa 12, yasizidi 24. Maji usimnyime ila mpe kidogo kidogo mara kwa mara, akigugumia bakuli zima atalirudisha lote.

mama_wa_gungu: Akikaa bila kutapika mpikie wali laini kama wa mgonjwa, mafungu mawili ya wali na moja la kuku wa kuchemsha bila ngozi wala mfupa. Usitie chumvi wala mafuta, na vitunguu vya aina zote marufuku, vinavunja damu ya mbwa. Mpe kidogo mara nne kwa siku.

mleta mada: Asanteni sana. Kuku bei imesimama, samaki je?

mama_wa_gungu: Samaki fresh wa kuchemsha sawa tu, ila toa miiba yote kwa mkono. Dagaa wa chumvi hapana. Akipata choo kigumu, chakula chake cha zamani mrudishie taratibu kwa siku kadhaa.

daktari_wa_ng'ombe: Mkuu, mfunue mdomo uangalie fizi. Bonyeza kwa kidole, ukiachia rangi irudi ndani ya sekunde 2. Vuta na ngozi ya begani, ikibaki imesimama maji yamemuishia huyo. Ukiona hivyo, au damu, au kinyesi cheusi kama lami, au tumbo limevimba anajikakamua kutapika hakitoki kitu, au hata maji hayakai, usisubiri jumatatu, mtafute mtaalamu yeyote wa mifugo hata wilaya ya jirani.

mleta mada: Fizi ziko pinki, afadhali. Ila kuna kitoto cha mbwa hapa hakijachanjwa, kinalala naye.

daktari_wa_ng'ombe: Kitenge sasa hivi, vyombo mbali mbali! Kama ni parvo, yaani ugonjwa wa kirusi unaoharisha mbwa, kitoto ndo kinaondoka haraka, na chenyewe kikianza kuharisha usikifungishe njaa hata kidogo, kimbia nacho. Chanjo wanaanza wiki ya 6 mpaka 8 wanarudia hadi wiki ya 16, kesho ulizia. Zoa kinyesi chote kwanza halafu mwagia sakafu jiki, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, iache dakika 10 ndo usuuze. Sabuni peke yake haiui hicho kirusi, na kwenye udongo kinakaa miezi.

mleta mada: Nimeshakitenga, nasaka jiki dukani saa hii.